Flashi ya Kubeba kwa Picha za Michezo ya Nje: Pima Umbali Kwanza

Ukiingia dukani kutafuta flashi ya kupigia picha za michezo, muuzaji atakuuliza unataka wati ngapi. Mjibu kwa mita. Mchezaji atakuwa mbali kiasi gani na taa, na atakuwa anakwenda kasi gani? Mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua flashi ipi inakufaa, na watu wengi huyafikiria pesa ikishatoka mfukoni. Ndipo unamkuta mtu na flashi ya wati-sekunde 600 (kipimo cha nishati ya mwako mmoja) yenye uzito wa karibu kilo 3, ameipandisha kilimani kwa jasho, halafu anaitumia kwa nguvu ya 1/16 siku nzima. Mwingine ana flashi ndogo ya juu ya kamera, anailazimisha ishindane na jua la saa saba mchana, na kila baada ya picha moja anasimama kusubiri ichaji.

Pale ambapo flashi haina kazi

Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Flashi inayommulika vizuri mtu aliye mita 5 itampa aliye mita 40 sehemu 1 tu kati ya 64. Kwa hiyo mpira wa miguu, riadha ya uwanjani na mashindano ya ngalawa yasahau. Michezo ya kaiti baharini kule Paje, Zanzibar, nayo ni hivyo hivyo: mchezaji yuko mita 30 au 50 ndani ya maji, wewe uko mchangani na lenzi ya 400mm. Hapo subiri jua la alasiri, ambalo kwa pwani ile ya mashariki huwa mgongoni mwako ukitazama bahari, na flashi iache chumbani.

Mashindano rasmi mengi hayaruhusu flashi kabisa, kwa sababu humshtua mchezaji au mnyama. Hata pale kanuni zinapokaa kimya, muulize mwandaaji kabla hujafungua begi.

Flashi inalipa pale mchezaji anapopita sehemu moja unayoijua mapema, mita 2 hadi 7 kutoka kwenye taa: ngazi za skeitibodi, rampu ya BMX, kona ya baiskeli za milimani msituni, sarakasi za ufukweni, vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani. Na kwa kuwa kwetu jua la mchana linakaa utosini, flashi ina kazi nyingine isiyo na mbwembwe: kuondoa kivuli cha helmeti kinachofunika macho.

Kasi ya mchezaji na muda wa mwako

Mpanda baiskeli anayeteremka kwa kilomita 36 kwa saa anakwenda mita 10 kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa 1/250 ya sekunde, amesogea sentimita 4, na sura yake itakuwa ukungu mtupu. Kwa 1/1000 amesogea sentimita 1. Kwa 1/5000, milimita 2. Skeitibodi ya kilomita 18 kwa saa, gawa kila namba kwa mbili.

Kumgandisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiachia shata kazi yote, yaani 1/1000 au zaidi, na flashi isaidie tu kujaza mwanga. Ya pili ni kuiachia flashi: shata inabaki 1/250, lakini mwanga wa mahali umebanwa kiasi kwamba bila flashi mchezaji anaonekana kama kivuli cheusi. Flashi ikiwaka kwa 1/5000, huo ndio muda halisi wa picha yake. Sharti ni kwamba mwanga wa mahali unaomwangukia mchezaji uwe chini ya ule wa flashi kwa stopu 2 au 3 (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Tofauti ikiwa stopu 1 tu, utapata mchezaji mkali mwenye ukungu unaomfuata nyuma. Na hata ukibana vizuri, anga jeupe lililo nyuma yake litamla kingo za mikono na miguu, kwa sababu anga hilo linaendelea kuingia kwenye kamera muda wote shata ikiwa wazi huku yeye anasogea. Dawa yake ni kubadilisha pembe ili nyuma yake pawe na miti, ukuta au kilima.

Sasa, flashi inawaka kwa muda gani? Flashi nyingi za betri za siku hizi zina swichi ya elektroniki inayokata mwako katikati, hivyo ukipunguza nguvu, mwako unafupika. Nikon SB-910 ni mfano mzuri kwa sababu namba zake zimechapishwa kwa kila hatua: nguvu kamili 1/880 ya sekunde, nusu 1/1100, robo 1/2550, 1/8 ni 1/5000, 1/16 ni 1/10000, na 1/32 ni 1/20000. Tazama robo na 1/8. Hapo ndipo michezo mingi inapopigwa. Taa nyingi za zamani za studio, zinazopunguza nguvu kwa kushusha volti, zina tabia ya kinyume: ukipunguza nguvu mwako unarefuka. Ukiuziwa taa ya studio ya mtumba yenye betri ya nje, hilo ndilo swali la kwanza.

Kuna mtego kwenye karatasi za maelezo. Muda wa mwako hupimwa kwa namna mbili, t0.5 na t0.1. Ya kwanza huhesabu muda ambao mwanga uko juu ya nusu ya kilele chake. Ya pili huhesabu mpaka mwanga umeshuka hadi sehemu ya kumi. Mkia ule uliobaki nje ya t0.5 ndio unaoacha ukungu kwenye picha. Kwa mwako usiokatwa, t0.1 ni karibu mara tatu ya t0.5. Kwa hiyo flashi iliyoandikwa 1/880 kwa t0.5 na nyingine iliyoandikwa 1/220 kwa t0.1 hazijapishana kama namba zinavyodai. Ya kwanza ukiigeuza inakuwa kama 1/290. Karatasi isiyosema imetumia kipimo kipi, chukulia ni t0.5.

Namba za karatasi unaweza kuzihakiki nyumbani kwa feni ya mezani. Bandika kipande cha utepe mweupe kwenye ncha ya panga moja, washa feni kasi ya juu, zima taa za chumba. Weka shata 1/200, tundu la lenzi f/11, wepesi wa sensa ISO 200, flashi pembeni kwa nguvu kamili, piga. Kisha nusu, robo, 1/8, 1/16, ukiongeza ISO kila hatua ili picha zilingane. Panga lenye urefu wa sentimita 20 likizunguka mara 1,200 kwa dakika, ncha yake inakwenda karibu mita 25 kwa sekunde, kasi kuliko baiskeli yoyote utakayoipiga. Kwa mwako wa 1/5000 utepe utajivuta milimita 5. Ukijivuta sentimita 3 au zaidi, mwako wako ni mrefu kuliko 1/1000, na hiyo nguvu usiitumie kugandisha kitu chochote kinachokwenda kasi.

Kushindana na jua

Jua kali la mchana bila mawingu linatoa picha sahihi kwa f/16, shata 1/125, ISO 100. Ukipandisha shata hadi 1/250, tundu ni f/11. Ukitaka anga lipungue stopu moja ili mchezaji ajitokeze, unafika f/16 kwa 1/250. Namba hiyo ndiyo ya kununulia flashi, kwa sababu flashi lazima imfikishe mchezaji kwenye f/16.

Kasi ya sinki ndiyo inayotufunga kwenye 1/250. Ni kasi ya mwisho ambayo shata huwa wazi yote kwa wakati mmoja. Kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Ukiipita, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, na chini ya picha unapata mkanda mweusi. Hata ukiwa 1/250 kamili unaweza kuona giza kidogo upande mmoja, hasa flashi ikiwa kwenye nguvu ya juu na trigga (kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha flashi) ikiwa ya bei rahisi: mwako ni mrefu, ishara imechelewa kidogo, mkia umekatwa. Shuka 1/200 kabla hujaanza kulaumu vifaa.

Gawa GN ya flashi (namba ya nguvu iliyo kwenye karatasi yake, kwa ISO 100) kwa f na utapata mita. Flashi ndogo kama Godox V860II imeandikwa GN 60, lakini hiyo ni kichwa kikiwa kimevutwa hadi 200mm, mwanga mwembamba unaotosha kumulika mtu mmoja tu. 60 kwa f/16 ni mita 3.75. Godox AD200 yenye kichwa chake cha mstatili ni GN 52 kwa upana wa 35mm, yaani mita 3.25 huku ikimulika eneo pana zaidi. Godox AD600 na rifleta yake ya kawaida (bakuli la kuelekeza mwanga) ni GN 87, mita 5.4. Kisha toa robo ya umbali huo, maana watengenezaji hupima wakiwa wakarimu na nje hakuna ukuta wa kurudisha mwanga. Hesabu hii yote ni ya nguvu kamili, ambapo mwako ni mrefu na kuchaji ni polepole. Kwa maneno mengine, mchana kweupe flashi za kubeba zinafanya kazi kwa shida. Saa kumi na moja jioni, au chini ya miti, mambo yanageuka kabisa.

HSS na ushuru wake

HSS (high-speed sync, yaani sinki ya kasi ya juu) ni hali ambayo flashi, badala ya kuwaka mara moja, inapepesa mfululizo wakati upenyo wa shata unasafiri juu ya sensa. Inakuruhusu 1/1000 au 1/4000. Wauzaji huipigia debe kama tiba ya jua, na hapo wanapotosha. Kuingia HSS tu kunakugharimu kati ya stopu 1 na 2 za nguvu. Baada ya hapo flashi inakuwa kama taa inayowaka muda wote: kila ukipandisha shata hatua moja, jua linapungua stopu moja na flashi nayo inapungua stopu moja. Uwiano hausogei. Kupanda kutoka 1/500 hadi 1/2000 hakutakupa nguvu ya ziada dhidi ya jua hata chembe.

Faida ya HSS ni mbili tu: unaweza kufungua lenzi hadi f/2.8 ili nyuma kuwe laini, na shata yenyewe inagandisha, hivyo muda wa mwako hauna maana tena. Kwa mtu anayepita mita 2 kutoka kwenye taa, inatosha sana. Kwa mita 5 mchana, utahitaji wati-sekunde 400 au 600. Flashi pia hupata joto haraka. Baada ya mapigo kadhaa ya nguvu kamili itajipunguza kasi au kujizima ili ipoe. Huo si ubovu.

Kuna kamera zinazokwepa tatizo lote. Fujifilm za X100 zina shata ya ndani ya lenzi inayosinki kwa kasi kubwa kuliko mapazia, na Sony a9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inasoma sensa nzima kwa mpigo mmoja hivyo inasinki kwa kasi yoyote. Tahadhari moja: ukipiga 1/2000 huku flashi inawaka kwa 1/220, unachukua kipande tu cha mwako na kingine kinapotea. Kamera nyingine nyingi, ukiwasha shata ya kimya ya kielektroniki, flashi haiwaki kabisa. Likikutokea hilo uwanjani, angalia menyu ya shata kabla ya kubadilisha betri.

Kifilta cheusi cha ND hakimsaidii mtu kulishinda jua. Kinapunguza jua na flashi sawasawa. Kazi yake ni moja, kukuruhusu ufungue lenzi ukiwa bado kwenye 1/250, na kwa kitu kinachokimbia kinaongeza kero ya kutafuta fokasi.

Kubwa moja au ndogo mbili

Kwa michezo tunashauri ndogo mbili. Flashi nne kwa robo ya nguvu zinatoa mwanga sawa na moja kwa nguvu kamili, na mwako wake ni mfupi mara kadhaa. Mbili kwa nusu nazo zinatoa mwanga huo huo, ingawa mwako unafupika kidogo tu. Zaidi ya hapo, flashi mbili unaweza kuzitenganisha: moja mbele pembeni, nyingine nyuma upande wa pili, ikichora ukingo wa mwanga mabegani. Ukingo huo ndio unaomtoa mchezaji kwenye msitu wenye giza. Ikizima moja, bado una picha.

Mtu anayeanza na anayetaka kudumu na kifaa anaweza kupanga hivi: flashi mbili za wati-sekunde 200, kila moja karibu kilo 1 na betri yake, betri mbili za akiba, trigga moja, stendi mbili, rifleta mbili ngumu. Bajeti ikibana, chukua flashi mbili ndogo za juu ya kamera zenye betri ya lithiamu, kisha jipangie kupiga asubuhi na jioni tu. Wati-sekunde 600 tunamshauri mtu anayepiga matangazo mchana, mwenye msaidizi wa kubeba.

Muda wa kuchaji upya usome pamoja na nguvu utakayotumia. Kwa nguvu kamili V860II inachukua kama sekunde 1.5, AD200 sekunde 2.1, AD600Pro sekunde 0.9. Kwa 1/8 zote zinakuwa tayari ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Usitegemee kupiga picha 10 kwa sekunde isipokuwa kwenye 1/32 au chini yake, na hata hapo fremu za mwisho zitaanza kufifia. Jizoeze kupiga moja kwa wakati wake. Mpigaji anayeijua skeitibodi anajua ni lini mguu utafika mahali pake. Kamera ya fremu 10 kwa sekunde haijui.

Trigga

Chukua ya redio. Zile zinazotegemea mwanga au infraredi hazioni kitu juani. Redio nyingi za leo ni za 2.4GHz, masafa ambayo maji na miili ya watu huyanyonya. Flashi iliyo chini karibu na mchanga uliolowa, na kundi la watazamaji katikati, itakosa kuwaka mara kwa mara. Inyanyue juu ya stendi, na trigga isifichwe na mwili wako. Trigga za Godox zina kipengele cha umbali, 0 hadi 30 na 1 hadi 100. Ukiwa mita moja au mbili kutoka kwenye flashi huku imewekwa 1 hadi 100, itaruka mapigo bila sababu inayoonekana. Badilisha chaneli na ID kama kuna mpiga picha mwingine mwenye vifaa vya aina hiyo, la sivyo atakuwashia flashi zako mpaka betri iishe. Na kabla ya kulipa, hakikisha trigga ni ya kamera yako: trigga ya Canon kwenye Nikon inaweza kuwasha flashi, lakini HSS haitafanya kazi.

Stendi, upepo na kinachowekwa mbele ya taa

Softboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) inakula stopu 1 hadi 2 na wakati wa kusi inageuka tanga. Mwavuli ni mbaya zaidi. Kwa michezo tumia rifleta ngumu ya chuma au kichwa tupu. Kivuli kikali kinaendana na misuli, vumbi na matone ya maji. Stendi iwe ya mita 2.5 hivi, mguu mmoja uelekee upande upepo unakokwenda, na kila stendi mfuko wa mchanga wa kilo 5 hadi 10 uliowekwa chini, usining'inie. Mifuko nenda nayo mitupu, jaza ukifika.

Usiweke stendi mahali mchezaji atakapoangukia akikosea. Simama pale atakapotua, tazama pande zote, kisha sogeza stendi mita 2 zaidi ya unavyodhani inatosha. Wala usimmulike mtu usoni moja kwa moja wakati anatafuta pa kutua. Pembeni digrii 45 hadi 60, au nyuma yake, na umwonyeshe mwako mara moja akiwa amesimama kabla hajaruka.

Mfano mzima: Forodhani jioni

Vijana wa Mji Mkongwe huruka baharini kutoka ukuta wa Forodhani jioni, na jua huzama upande huo huo wa bahari. Kwa flashi mbili ndogo ni mahali pazuri kuliko pengine popote. Angalia jedwali la maji kwanza: wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kutoka inakaribia mita 4, na maji yakiwa yametoka hakuna wa kuruka. Tafuta siku maji yanapokuwa juu karibu na magharibi. Zungumza na vijana wenyewe, maana wengi ni watoto wa mitaa ile, na wale wadogo watafutie ruhusa ya wazee wao.

Fika saa kumi na moja. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na robo tatu, kutegemea mwezi, na baada ya hapo unabaki na mwanga wa kufaa wa dakika 20 hivi. Simama pembeni mwa ukuta, chini iwezekanavyo, ili anayeruka awe mbele ya anga na si mbele ya maboti. Flashi ya kwanza iwe juu ya ukuta, mita 4 kutoka kwenye njia yake, imeshikwa na mtu. Watu wa Forodhani jioni ni wengi na stendi peke yake haifiki saa moja.

Pima anga bila flashi. Robo saa kabla ya jua kuzama utakuta takriban ISO 200, 1/250, f/5.6. Piga mtu mmoja amesimama ukingoni: lazima awe mweusi. Ukiona macho yake, bana hadi f/8. Sasa washa flashi. Yenye GN 52 kwa ISO 100 inakuwa kama 73 kwa ISO 200. Kwa mita 4 na f/5.6 unahitaji 22 tu, hivyo 1/8 inatosha. Flashi ndogo ya GN 34 itataka robo. Weka jeli (karatasi ya plastiki ya rangi) ya chungwa ya nusu nguvu mbele ya flashi, la sivyo ngozi itatoka ya bluu mbele ya anga la dhahabu.

Fokasi ifunge kwa mkono mahali atakapokuwa, usiiachie kamera itafute. Piga akiwa juu kabisa, pale anapokaribia kusimama angani kabla ya kuanza kushuka. Kasi yake hapo ni ndogo sana na hata mwako mrefu unamgandisha. Ukitaka picha ya kugusa maji, kumbuka anayeanguka mita 3 anafika na kasi ya karibu mita 7.7 kwa sekunde. Katika 1/250 hiyo ni sentimita 3. Kwa mwako wa 1/2550, milimita 3.

Kadiri giza linavyoingia, tundu na shata viache, pandisha ISO. Kila ukiiongeza mara mbili, punguza flashi nusu. Ukifika ISO 800 flashi iko 1/32, mwako wake ni mfupi mno na inachaji papo hapo. Dakika hizo za mwisho ndizo zinazotoa picha bora, na ndizo ambazo wengi wameshafunga begi.

Chumvi, betri na ndege

Chumvi ya bahari huingia kwenye pini za trigga na miguu ya betri, na baada ya wiki chache kuna kutu ya kijani. Funika flashi kwa mfuko wa plastiki wenye kichwa wazi, usiufunge wote kwa sababu ya joto. Ukirudi, futa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana, kisha kikavu, halafu uache wazi usiku kucha. Iliyozama baharini usiiwashe na usiifungue: kapasita ndani inabaki na mamia ya volti hata ikizimwa, na inaweza kuua. Mpelekee fundi anayejua.

Kwenye ndege betri za akiba za lithiamu hukaa kwenye begi la mkononi tu. Kipimo ni wati-saa: zidisha volti kwa mAh, gawa kwa 1,000. Betri ya AD200, volti 14.4 na mAh 2,900, ni wati-saa 41.8. Ya AD600Pro ni 74.9. Zote ziko chini ya 100, kikomo cha kupita bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 utaomba kibali cha shirika. Funika miguu ya betri kwa utepe.

Ukinunua mtumba

Mwombe muuzaji dakika 10. Piga nguvu kamili mara 10 mfululizo ukihesabu sekunde za kuchaji. Ya mwisho isiwe ndefu sana kuliko ya kwanza. Tazama taa yenyewe: weusi kwenye kioo kuelekea ncha ni dalili ya mapigo mengi. Piga ukuta mweupe mara 10 kwa 1/8 bila kubadilisha kitu, kisha pitisha picha haraka kwenye skrini. Zikipepesa ang'avu na giza, iache. Jaribu nguvu ya chini kabisa pia, kwa sababu swichi ya kukata mwako ikifa, flashi inawaka kwa nguvu kamili kila mara. Uliza ilikaa muda gani bila kutumika. Kapasita iliyolala mwaka mzima huhitaji kuwashwa, kuachwa dakika kadhaa na kupigwa taratibu kuanzia nguvu ndogo. Betri iliyovimba, hata kidogo, usiichaji mara moja zaidi: punguza bei ya betri mpya kutoka kwenye kile anachotaka, na ile ya zamani mwachie.